Pembetatu za Ardhi: Mwamba wa Tororo na Bonde la Mpunga

Fundi wa cherehani anayeijua kazi yake hatumii pini kwa kipimo kimoja. Penye shingo ya gauni huzitia karibu karibu, kwa kuwa hapo kitambaa hupinda. Penye pindo refu lililonyooka hutia moja hapa na nyingine mbali, na nguo haiharibiki. Anayezipachika kwa umbali ulio sawa mahali pote atamaliza kasha zima la pini, na bado shingo itamtoka imekunjamana. Jambo hilo dogo la nyumbani ndilo msingi wa elimu moja kubwa ya siku hizi, nayo ni elimu ya kuuchora uso wa ardhi ndani ya kompyuta kwa wavu wa pembetatu: nyingi na ndogo penye miinuko, chache na kubwa penye tambarare.

Huenda msomaji wa ukurasa huu akauliza: wavu wa pembetatu una nini na nyumba? Jibu lapatikana Iyolwa, gombolola ya wilaya ya Tororo, mashariki ya Uganda, si mbali na mpaka wa Kenya. Nchi ile ina sura mbili zisizofanana hata kidogo. Penye mji wa Tororo umesimama mwamba mmoja, mabaki ya volkano ya zamani, wenye kilele kilichofika mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu mita 300 juu ya mji uliouzunguka. Mtu hahitaji kuelezwa ulipo, macho humfikisha. Bali ukiuacha mwamba huo na vilima vichache vya jirani, ardhi hulala. Ni mashamba ya mtama, wimbi na mihogo yanayoteremka polepole mpaka kwenye mabonde ya mafunjo, na katika mabonde hayo watu hulima mpunga. Huko chini tofauti ya mita moja ni jambo zito. Mita moja yaweza kutenga jaruba linalopata maji ya kutosha na jaruba linalozama, au nyumba inayolala kavu na nyumba inayoamka magodoro yakielea.

Sasa itazamwe namna ardhi hiyo ilivyopimwa. Mwezi wa Februari mwaka 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada mbili, moja ndani ya chombo na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60 uliochomoza nje. Kwa kulinganisha mwangwi uliopokelewa na rada hizo mbili, wataalamu walipata urefu wa sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia. Kwanza Afrika ilipewa vipimo vya nukta moja kwa kila mita 90 hivi. Mwaka 2014 vikatolewa kwa wote vipimo vya nukta moja kwa kila mita 30.

Vipimo hivyo hugawanywa katika vipande vya mraba vya digrii moja. Kipande kinachoanzia Ikweta hadi digrii 1 Kaskazini, na kutoka digrii 34 hadi 35 Mashariki, kina ndani yake Tororo, Malaba, Busia, Bungoma na hata Kakamega. Kina safu 3,601 za nukta, na kila safu ina nukta 3,601. Jumla yake ni nukta 12,967,201. Zikiunganishwa zote kwa pembetatu, hupatikana pembetatu 25,920,000 kwa kipande hicho kimoja tu. Kabla ya kubanwa, faili lake lina karibu megabaiti 26. Kwa mwenye simu ndogo anayenunua data kwa shilingi za kuhesabu, hilo si jambo la mzaha. Na simu yenyewe, ikilazimishwa kuzichora pembetatu zote hizo mara kadhaa kwa sekunde, itapata moto mkononi kama pasi.

Ubaya zaidi ni kwamba nukta hizo zimetawanywa bila kujali ardhi. Ukuta wa Mwamba wa Tororo, ambao ndani ya hatua chache hubadilika kutoka bustani hadi jabali, umepewa nukta moja kwa mita 30. Uwanja ulio sawa kama meza nao umepewa nukta moja kwa mita 30. Huyu ni yule fundi wa kasha la pini.

Tangu zamani wapimaji wa Afrika Mashariki walikuwa na mazoea ya pembetatu. Walisimamisha nguzo juu ya vilele vinavyoonana, wakapima pembe kutoka kilele hadi kilele, na kutokana na msitari mmoja uliopimwa chini kwa uangalifu wakapata umbali wa mistari mingine yote. Mnyororo mkubwa wa pembetatu ulifuata longitudo ya 30 kutoka kusini mwa Afrika, ukapita magharibi ya Uganda, na pengo lake la mwisho likazibwa mwaka 1954. Ramani nyingi za Uganda, Kenya na Tanzania zilijengwa juu ya msingi unaoitwa Arc 1960, ambao jina lake linatokana na mnyororo huo. Kilichokuja baadaye ni kuzichukua pembetatu zilizokuwa za kupimia na kuzifanya za kuchorea.

Mwaka 1978 Thomas Peucker na wenzake walieleza wavu wa pembetatu zisizo sawa: nukta zichaguliwe penye migongo ya vilima, penye mikondo ya maji na penye vilele, kisha ziunganishwe. Namna ya kuziunganisha ilikuwa imekwisha kutayarishwa na mwanahisabati wa Urusi, Boris Delaunay, mwaka 1934. Kanuni yake ni kwamba, ukichora duara linalopita pembe tatu za pembetatu yo yote, ndani ya duara hilo isiwemo nukta nyingine. Kanuni hiyo hujitahidi kuepusha pembetatu nyembamba kama sindano, ambazo hudanganya jicho na kuharibu hesabu.

Njia ya pili inafaa zaidi kwa kompyuta yenye nguvu ndogo, nayo msomaji aweza kuijaribu mezani. Achukue leso ya mkononi iliyo mraba. Aikunje kona kwa kona, apate pembetatu. Aikunje tena kwa kukutanisha ncha mbili za upande mrefu, apate pembetatu ya umbo lile lile, ila eneo lake ni nusu. Arudie. Kila mkunjo huzaa pembetatu mara mbili ya zile za kwanza: 2, kisha 4, 8, 16. Leso ya kitambaa haikunjiki mara nyingi, vidole vitakataa. Lakini leso ya hesabu hukunjika mara kumi ikawa na pembetatu 1,024, na mara ishirini ikawa na 1,048,576.

Uzuri wake ni kwamba kompyuta hailazimiki kuikunja leso nzima. Hukunja upande wa mwamba peke yake na kuuacha upande wa uwanja ukiwa mpana. Tena haihitaji daftari kubwa la kuandika nani amezaliwa na nani. Pembetatu ya kwanza hupewa namba 1. Watoto wake ni 2 na 3. Watoto wa 2 ni 4 na 5. Watoto wa 5 ni 10 na 11. Ukitaka watoto, zidisha kwa mbili, kisha ongeza moja kwa mdogo wao. Ukitaka mzazi, gawanya kwa mbili na kutupa baki. Ukoo mzima umo katika namba zenyewe. Wazee wa Kipadhola wanaokariri nasaba kwa vizazi vingi wangeupenda mpango huo, ingawa pengine wangelalamika kwamba hauna majina.

Lakini kompyuta itajuaje mahali pa kukunja? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kila mara inapotaka kukata pembetatu, hutazama katikati ya upande wake mrefu na kujiuliza: kama uzi ungevutwa kutoka ncha hii hadi ile, ungepita juu ya ardhi au chini yake kwa kiasi gani? Mfano wa kubuni utasaidia. Ncha moja iwe na urefu wa mita 1,200 chini ya mwamba, na ncha ya pili mita 1,460 karibu na kilele. Uzi utapita katikati kwa mita 1,330. Ikiwa ardhi ya kweli mahali hapo ina mita 1,210, kosa ni mita 120. Pembetatu hiyo haina budi kukatwa. Sasa huko bondeni, ncha moja iwe mita 1,090 na nyingine mita 1,092. Uzi utapita mita 1,091. Ardhi ya kweli ikiwa mita 1,090, kosa ni mita moja tu. Mwenye kompyuta akiwa amesema kwamba anavumilia kosa la mita 5, pembetatu ya bondeni itaachwa ilivyo.

Kuna hila moja ambayo wachoraji wa kwanza iliwasumbua. Pembetatu ikikatwa katikati ya upande wake mrefu, na jirani yake anayeshiriki upande ule ule asikatwe, nukta mpya hupanda au hushuka upande mmoja, ilhali jirani amebaki na msitari ulionyooka. Kati yao hufunguka ufa, na kwenye picha ya kilima huonekana tundu la anga mahali pa udongo. Ni kama mshonaji wa mikeka aliyeunganisha ukili mpana na ukili mwembamba bila kuhesabu. Dawa yake ni kwamba majirani wanaoshiriki upande mrefu hukatwa pamoja. Na jirani akiwa mkubwa mno, hukatwa yeye kwanza hadi walingane. Amri ya kukata hupanda daima kwenda kwa wakubwa, haishuki kwa wadogo, kwa hiyo haina budi kufika mwisho.

Katika miaka ya 1990 mambo haya yalikwenda mbio. Mwaka 1996 Hugues Hoppe alieleza namna ya kuhifadhi umbo kwa kuanza na sura yake ya kijumla, kisha kila nyongeza ndogo kwa utaratibu, hata mpokeaji aweze kusimama po pote anaporidhika. Mwaka 1997 Mark Duchaineau na wenzake walitoa njia iitwayo ROAM, yenye foleni mbili: moja ya pembetatu zinazostahili kukatwa, na nyingine ya zile zinazostahili kuunganishwa tena. Mtazamaji akisogea, foleni hubadilika. Kilima kilichokuwa mbele kikibaki nyuma hurudishiwa pembetatu chache. Wengi wao walipima kosa kwa nukta za kioo cha kompyuta. Maadamu kosa halizidi nukta moja kiooni, jicho halitaliona, basi liachwe.

Hapo ndipo Iyolwa inapodai haki yake. Mita moja ya bondeni, ikitazamwa kutoka umbali wa kilomita kumi, ni ndogo kuliko nukta ya kioo. Jicho halikudanganywa. Maji je? Maji hayatazami kwa mbali. Yakifika kwenye kingo ya udongo yenye kimo cha mita moja huzuiwa. Kingo hiyo ikifutwa katika ramani, maji ya ramani hupita. Wavu uliosifiwa kwa kutumia pembetatu chache huzipeleka karibu zote kwenye mwamba, ambako hakuna anayelala, na kulinyima bonde ambamo watu wamejenga na kulima. Si kosa la pembetatu. Ni kosa la aliyeuliza swali la jicho, kisha akalitumia jibu lake kwa jambo la mafuriko.

Katika sehemu hizi za mpakani jambo hilo lina uzito wa pekee. Mto Sio unamwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mto Malaba, ambao nao unatoka upande wa Mlima Elgon na kuwa mpaka kwa sehemu ya safari yake, unageukia magharibi, unaungana na Mpologoma na kwenda Ziwa Kyoga. Maji yote hayo yatakutana katika Nile mwishowe, lakini kati ya mito hiyo miwili mgongo wa kuyatenga si milima mirefu. Mahali pengine ni mwinuko wa upole ambao mpanda baiskeli hautambui ila kwa kupumua. Wavu wenye pembetatu kubwa ukiuruka mgongo huo, pembetatu moja yaweza kuinama upande usio wake, na mvua ya shamba la Malaba ikaandikwa kwenda Sio. Uganda na Kenya zimepata kushirikiana, chini ya mpango wa nchi za Bonde la Nile, katika kusimamia mabonde ya Sio, Malaba na Malakisi. Mipango ya namna hiyo huanza na swali moja la kitoto: maji ya hapa yanakwenda wapi?

Kwa hiyo wataalamu waangalifu hufanya mambo mawili. Kwanza hutia mistari ya lazima: mto, mfereji na mgongo wa maji huwekwa viwe pande za pembetatu, na hairuhusiwi pembetatu yo yote kuvuka msitari huo hata kosa lake liwe dogo namna gani. Pili hawatoi kiasi kimoja cha kosa kwa nchi nzima. Mwamba waweza kuvumilia mita 5, au hata 10 kwa picha ya kutalii; miteremko ya Elgon, ambako maporomoko ya Bududa yaliua watu wengi mwezi wa Machi mwaka 2010, yahitaji uangalifu wa aina nyingine; na bonde la mpunga lapaswa kupewa sentimita.

Neno “sentimita” lakini linaleta aibu nyingine. Rada ya mwaka 2000 haikupima sentimita. Wanasayansi walioukagua mradi ule walitoa makadirio yao mwaka 2006: kwa bara la Afrika, vipimo tisa katika kumi vilikuwa ndani ya kosa la karibu mita 6. Kati ya nukta na jirani yake kosa huwa dogo zaidi, lakini si dogo kiasi cha kuhukumu kingo ya jaruba. Tena rada haikufika udongoni kila mahali. Penye mikalitusi na mafunjo mazito ilirudi kutoka juu ya majani au kati yake, na bonde likaandikwa kuwa limeinuka kuliko lilivyo. Mtu aweza kuikata leso yake mpaka apate pembetatu milioni 25, zote zikang'aa kiooni, na kingo ya mama wa Iyolwa isiwemo hata moja. Wingi wa pembetatu huonyesha kilichopimwa, hauongezi kipimo.

Basi mama huyo, kijana wa ramani akimfikia na kompyuta yake, ana haki ya kumwuliza: “Mwanangu, picha hii yako inavumilia kosa la kiasi gani hapa kwangu?” Na kijana akijibu kwa heshima, “Mama, ni mita tano,” atakuwa amesema kweli, na mama atakuwa amejua kwamba picha ile inafaa kuonyesha barabara na vilima, haifai kumwambia mahali pa kujenga ghala.

Kipimo kinachokosekana chaweza kuanzwa nyumbani bila rada. Mafundi waashi hukitumia kila siku: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji bila povu la hewa ndani yake. Ncha moja hushikwa kwenye fimbo mlangoni, ncha nyingine kwenye fimbo mferejini. Maji yakitulia, huwa sawa pande zote mbili. Mwenye mlango apime kutoka usawa wa maji hadi chini. Wa mfereji afanye vivyo hivyo. Ikiwa mlangoni ni sentimita 90 na mferejini ni sentimita 150, mfereji uko chini ya mlango kwa sentimita 60. Mpira ukiwa mfupi, kazi ifanywe kwa vituo, na tofauti za kila kituo zijumlishwe au zipunguzwe kadiri ardhi inavyopanda na kushuka. Watoto wa darasa la sita wanaiweza, mradi mmoja asiiminye ncha yake kwa kucheka.

Vituo vichaguliwe kama fundi anavyochagua pini: karibu karibu penye kingo, penye daraja na penye mfereji ulioziba, mbali mbali penye uwanja. Na mafuriko yakija, kimo cha maji kitiwe alama ya rangi ukutani siku ile ile, pamoja na tarehe, kabla ukuta haujapakwa chokaa upya. Namba hizo zikishaandikwa katika daftari la shule, mpimaji wa wilaya atakapopita akaulize ziliko nukta za bonde, zipo za kumpa.